Chupa ya maji isiyo na maji

Mtoto wa dada yangu alikuwa na miaka miwili alipopiga funda la mafuta ya taa jikoni kwangu, Tabata. Yalikuwa kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu, chini ya sinki, kizibo kimelegea. Niliyaweka mwenyewe, sina wa kumsingizia. Jirani akaja mbio na maziwa, mwingine akataka tumtie kidole atapike. Shemeji akakataa katakata, tukadaka bajaji. Nesi akatwambia shemeji kaokoa jahazi: mafuta ya taa hatari yake kubwa iko mapafuni, na mtoto akitapika yanaweza kupita njia ya hewa yakaleta nimonia. Alilazwa siku mbili, akapona.

Tangu siku ile, kwangu kisichonyweka hakikai kwenye chupa ya kinywaji. Mafuta ya taa yana kidumu chake juu ya kabati. Dawa ya panya inabaki kwenye pakiti yake na maandishi yake, maana swali la kwanza hospitali ni: kala nini?

Kutupa ndiko kwenye kazi. Gari la taka linabeba kila kitu pamoja kwenda dampo la Pugu, na kabla halijafika mtaani, waokota chupa wameshafungua viroba kwa mikono mitupu. Chupa ya dawa ikiwa nzima, keshokutwa unaweza kuuziwa juisi ya ukwaju ndani yake. Ndiyo maana chupa za kemikali nazikata kisu katikati. Ila makopo ya kupuliza usiyatoboe wala usiyachome. Kuna jirani alichoma taka uwani, kopo la dawa ya mbu likalia kama bomu na kipande kikatua juu ya bati la nyumba ya pili. Kuku hawakurudi bandani mpaka usiku.

Vidonge vilivyopitwa na muda nachanganya na majani ya chai yaliyokwisha kutumika, nafunga kwenye mfuko, ndipo natupa. Chooni sivitii, choo chetu ni cha shimo na kisima cha jirani hakiko mbali. Oili chafu ya pikipiki mpelekee fundi wa gereji, usimwage mtaroni. Na tukiwa bado chooni: dawa ya kung'arisha nguo nyeupe usiichanganye na ile ya choo yenye asidi. Hutoa gesi ya klorini, na vyoo vyetu hivi vya kidirisha kimoja, utatoka umeshika kifua.

Betri nazo nazikusanya kwenye kopo la plastiki la siagi, ncha nimezibandika selotepu zisigusane. Juzi lilijaa, nikampelekea fundi simu. Za simu kachukua. Za rimoti kanirudishia, ziko juu ya friji.