Barua kwa mwanangu: kabla hujaenda kufunga kizazi

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza, mama hivi kufunga kizazi inauma, nijiandaeje, na nitarudi lini dukani. Kwenye simu tungekatana katikati ndo maana nakuandikia. Mimi mwenyewe nilifungwa baada ya kumzaa mdogo wako wa mwisho, unalijua hilo.

Kwanza kabisa hii ni ya kudumu, ya maisha. Usiende na ile akili ya kwamba mirija, ile inayopitisha mayai, inaweza kufunguliwa tena ukibadili mawazo, hiyo ni opareshini kubwa, gharama, na wengi hawapati mimba hata baada yake. Kama bado moyo unasita hata kidogo weka kijiti au kitanzi, vinakaa miaka na vinatolewa ukitaka. Na hata ukishasaini fomu, ukafika mlangoni moyo ukakataa, geuza urudi nyumbani. Mwili ni wako, isiwe mama mkwe kasema wala mawifi. Ila na ya mashoga zako usiyabebe, eti utanenepa, eti hamu itaisha. Kinachozibwa ni mirija tu, mayai na homoni viko palepale, hedhi utaendelea kupata. Mumeo naye muulize kama atafunga yeye, ya wanaume ni nyepesi zaidi, ila inabidi wasubiri miezi 3 ndo iwe salama.

Sasa maandalizi. Njia ya uzazi wa mpango unayotumia sa hivi usiiache mpaka siku yenyewe, maana lazima wawe na uhakika huna mimba. Dokta mwambie kila kitu, presha, sukari, pumu, dawa unazomeza, na ile opareshini ya kujifungua. Chakula kigumu acha masaa 8 kabla, maji wao watakwambia mwisho saa ngapi. Oga vizuri, futa rangi ya kucha, hereni na cheni acha nyumbani, vaa dera au gauni pana lisilobana tumbo, na uende na mtu wa kukurudisha, usipande bodaboda peke yako na usingizi wa dawa kichwani.

Kuuma, ndio utasikia kitu. Mara nyingi wanachoma ganzi pale pale na dawa ya kukutuliza, wanapasua kidogo juu ya kinena, ukiwa umetoka kujifungua ni chini ya kitovu, na wakati wanaivuta mirija utasikia kama tumbo la hedhi linavutwa, sema usikae kimya wakuongezee dawa. Wengi wanarudi nyumbani siku hiyohiyo.

Kinachonipa wasiwasi mimi ni wewe na kazi zako. Siku 2 ulale tu. Wiki nzima hakuna ndoo ya maji, hakuna kubeba mtoto mgongoni, hakuna magunia ya dukani, na tendo la ndoa lisubiri angalau wiki na mpaka maumivu yaishe. Usiende kabla hujapata wa kuchota maji na wa kukaa dukani, kabisa! Kidonda kisiloane siku ya kwanza na ya pili, usikisugue, usipake kitu chochote cha majani. Maumivu meza panadoli, aspirini hapana, inaongeza kutoka damu. Ndani ya wiki moja mpaka mbili rudi wakakuangalie mshono.

Ukiona homa, usaha, kidonda kimevimba na kina moto, damu inatoka, tumbo linazidi kuuma badala ya kupungua au umezimia, usinisubiri mimi, hospitali hapohapo hata usiku.

Inafanya kazi papo hapo, ila si asilimia mia, wachache sana wanapata mimba hata miaka baadaye, na hiyo inaweza kutunga nje ya kizazi. Kwa hiyo hedhi ikikata na tumbo la chini linauma upande mmoja, hata miaka ikipita, wahi ukapime. Na haikingi ukimwi wala kaswende.

Ukipewa tarehe niambie mapema nikate tiketi, watoto nitakaa nao mimi hiyo wiki.

Mama yako.