Mlee mzazi, naye atamlea mtoto: kwa anayeanza udula wa baada ya kujifungua

Dula ni msaidizi wa mzazi nyumbani, asiye mhudumu wa afya. Wengi wanaoianza kazi hii huingia nyumba ya watu mikono imeshanyooshwa kumpokea mtoto. Wanampakata, wanamwogesha, wanambembeleza, na mama yuko kitandani anatazama. Siku dula akiondoka, mama bado anaogopa kumgeuza mwanawe. Vyombo, nguo, chakula na wageni ndivyo vyako kwanza. Mtoto unampokea pale mama anapotaka kulala, kuoga au kula kwa utulivu.

Kabla ya siku ya kwanza andikianeni makubaliano: saa za kuingia na kutoka, kama utalala, malipo, kazi utakazofanya na usizofanya. Hupimi presha, huchunguzi mshono, hupendekezi dawa, hata ile ya maumivu ambayo wewe mwenyewe huimeza bila wasiwasi. Nchi nyingi hazidai leseni kwa dula, kwa hiyo mipaka hiyo ni juu yako kuilinda. Na ya nyumba ile yabaki nyumba ile.

Sehemu itakayokula muda wako mwingi ni kunyonyesha. Kaa ubavuni mwa mama uone anachokiona yeye. Mgongo wake uegemee, mabega yashuke. Mtoto alale kwa ubavu, tumbo lake kwenye tumbo la mama, na sikio, bega na nyonga vikae mstari mmoja. Pua ielekee chuchu. Mama asubiri kinywa kipanuke kama cha mtu anayepiga miayo, kisha amlete mtoto kwenye ziwa; asiliinamishe ziwa kumfuata mtoto. Akikamata vizuri, kidevu kimegusa ziwa, mdomo wa chini umebinuka nje, na weusi wa ziwa unaonekana zaidi juu ya kinywa kuliko chini yake. Maumivu yakiendelea baada ya mivuto ya kwanza, mama aingize kidole safi pembeni mwa kinywa, aachanishe, waanze upya. Chuchu ikitoka imebapa au imechongoka upande mmoja, mtoto alikuwa ameshika chuchu tupu.

Kosa la kawaida kwa wageni wa kazi ni kukisukuma kisogo cha mtoto kwa kiganja. Mtoto hujirusha nyuma, na mama anadhani amekataliwa. Tegemeza shingo na mabega, kichwa kiachwe huru.

Kichanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24. Maziwa mengi hujaa kati ya siku ya 2 na ya 5, na hapo kabla dang'a, yaani maziwa ya kwanza mazito, japo kidogo, humtosha mtoto mzima wa afya. Ndiyo siku ambazo ndugu huanza kusema mama hana maziwa na kukimbilia maziwa ya kopo. Ziwa lisiponyonywa wala kukamuliwa hupunguza kutengeneza, hivyo hofu hiyo yenyewe inaweza kuleta upungufu. Jibu kwa daftari: andika saa ya kunyonya, mkojo na choo. Kufikia siku ya 5 tarajia nepi 6 au zaidi za mkojo kwa siku, na choo kilichotoka kwenye weusi wa mwanzo kuwa cha manjano. Kupungua uzito kidogo siku za mwanzo ni kawaida, na wengi huurudia uzito wa kuzaliwa ndani ya wiki 2. Nepi zikiwa chache au mtoto amelegea haamki kunyonya, usibishane na mtu. Apelekwe kliniki siku hiyohiyo.

Ziwa likijaa hadi likawa gumu, mama akamue kidogo lilainike kabla ya kumpa mtoto, na kitambaa cha baridi baada ya kunyonyesha. Sehemu nyekundu, ya moto, pamoja na homa, ni ya kumwona mhudumu wa afya, na kunyonyesha kuendelee.

Mzazi aliyepasuliwa asinyanyue kitu kizito kuliko mtoto wake. Mfundishe kugeukia ubavu na kujisukuma kwa mkono anapoamka, na kumnyonyesha mtoto akiwa chini ya kwapa, miguu ikielekea nyuma, ili mshono usiguswe.

Damu hupungua na kubadilika rangi siku hadi siku. Pedi ikilowa yote ndani ya saa 1, mabonge makubwa yakitoka, au harufu mbaya ikianza, ni hospitali. Vivyo hivyo homa ya nyuzi 38, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kifua kubana. Kifafa cha mimba kinaweza kuja hata baada ya mtoto kuzaliwa. Kwa hiyo usikubali neno “ni uchovu tu”, hata likitoka kwa mama mwenyewe.

Machozi ya siku za mwanzo ni ya kawaida na huisha ndani ya wiki 2. Yakizidi hapo, au mama halali hata mtoto akiwa amelala, mshauri apate tathmini ya afya ya akili na umtafutie wa kwenda naye. Akisikia sauti, akichanganyikiwa au akizungumzia kujidhuru au kumdhuru mtoto, usimwache peke yake hata dakika moja. Wapelekwe hospitali mara moja.

Wiki ya mwisho punguza saa zako kidogo kidogo. Kaa chumba cha pili ukunje nguo wakati mama anaogesha, usiingie mpaka akuite. Bandika ukutani namba za kliniki na za dharura, na tarehe ya hudhurio la wiki ya 6, kwa maandishi makubwa ya kusomeka usiku.