Muulize Fundi: Maji yamebaki chini ya mashine ya vyombo, ninunue pampu?

Barua za mashine ya kuoshea vyombo zimejaa safari hii na nyingi zinafanana, mtu kaambiwa anunue kifaa kipya wakati mashine haijafunguliwa hata skrubu moja. Kabla sijajibu naomba tuelewane jinsi inavyofanya kazi, maana watu wengi wanadhani ikifungwa mlango inajaa maji mpaka juu kama pipa. Haijai. Inavuta lita chache tu zinakaa chini, pampu inayavuta hayo hayo yakishapita kwenye filta, inayarusha kwa nguvu kupitia ile mikono inayozunguka, yanadondoka, yanavutwa tena, hivyo hivyo mpaka muda uishe ndo yanamwagwa yanaingia mengine. Kwa hiyo ukipata shida fuata maji: yanaingia? yanarushwa? yanatoka? Hapo utajua pa kuanzia.

*Shikamoo fundi. Mashine yangu ina miaka 4, siku hizi ikimaliza kuosha nakuta maji yamebaki chini machafu na yananuka. Nilimuita fundi akaiwasha akasikiliza kama dakika mbili akasema pampu imekufa nitoe hela ya mpya. Hakufungua kitu. Nikubali?*

Marahaba mdogo wangu. Usitoe hela bado, na kwa kweli inaniuma kusikia mtu kahukumu pampu kwa masikio tu.

Kwanza, maji kidogo kwenye kile kishimo cha chini ya filta ni kawaida kabisa, yamewekwa makusudi ili mpira wa ndani usikauke. Shida ni pale yanapopanda yanaonekana juu ya filta, na kwa maelezo yako, ya kwako ndo yamefika huko.

Chomoa plagi kwenye umeme. Toa kreti ya chini, chota maji kwa kikombe yanayobaki yamalizie kwa sponji, halafu zungusha filta uitoe. Usishangae ukikuta imevaa utando wa mafuta, unaishika inateleza kama samaki, osha kwa maji ya moto na brashi laini mpaka ukiinua kwenye mwanga uone vitundu vyote. Wengine shida inaishia hapo hapo.

Kama haijaisha, ndani ya kile kishimo kuna kifuniko kidogo cha plastiki pembeni, mashine nyingi kinatoka kwa kukivuta au kwa skrubu moja, na nyuma yake ndo ipo propela ya pampu ya kutolea maji. Mulika na tochi. Usiingize kidole kitupu, huko ndo vipande vya glasi vinapojificha, tumia kijiti au mpini wa kijiko. Sasa izungushe taratibu: ikienda kwa kushtukashtuka, kama inang'ang'ania halafu inaachia, hiyo ni sumaku yake na ni dalili nzuri. Ikiwa imekwama haiendi popote, kuna kitu kimeibana. Ikizunguka bure bure bila kushika, hapo kweli imevunjika. Mimi nishawahi kutoa kipande cha glasi kisichozidi ukucha wa mtoto kwenye pampu ambayo mwenyewe alishaambiwa abadilishe, nilikivuta na plaizi nyembamba, tukawasha, maji yote yakaondoka kwa mkupuo mmoja, na yule mama akakaa kimya akikiangalia kile kipande mkononi.

Propela ikiwa nzima, nenda kwenye mpira wa kutolea maji kule nyuma. Angalia haujajikunja pale mashine iliposukumwa ukutani, na pale unapoungana na bomba la sinki pasiwe pameziba mafuta. Huo mpira kabla ya kushuka kwenye bomba unatakiwa upandishwe juu karibu na usawa wa sinki, ukilala chini tu maji machafu ya sinki yanaweza kurudi kwenye mashine, na watu wanahangaika na pampu kumbe wanaletewa maji na sinki. Kama sinki lenyewe linashusha maji polepole basi anza na sinki.

Ukimaliza yote hayo na pampu bado iko kimya kabisa muda wa kumwaga, sasa muite fundi, ila apime kwa mita, kile kipimo cha umeme cha mafundi, mbele yako. Pampu inayounguruma lakini haitoi maji mara nyingi imebanwa au njia ya mbele imeziba, iliyo kimya inaweza kuwa imeungua au umeme hauifikii kabisa, na hayo ni matatizo mawili tofauti.

*Fundi sabuni ya mashine iliniishia nikaweka kidogo ile ya maji ya kuoshea kwa mkono, povu likatoka mpaka sakafuni. Nilifuta nikajua yameisha, sasa mashine haivuti maji, nikiiwasha inanguruma tu bila kuacha hata nikiizima kwenye kitufe. Nimeiua?*

Hujaiua dada, inajilinda. Chini kabisa ya mashine kuna sinia, na kwenye sinia kuna kiboya chepesi. Povu lilipita kwenye mlango na mengine yakadondokea humo, yakageuka maji, kiboya kikainuka, na kikiinuka mashine inajua kuna uvujaji: inafunga valvu ya kuingizia maji na kuwasha pampu ya kumwaga bila kupumzika. Ndo huo mngurumo unaousikia.

Chomoa plagi, funga koki ya maji, toa kreti zote, tandika mataulo, halafu muwe wawili muiinamishe taratibu mpaka maji ya kwenye sinia yamwagike, mkiweza kufungua paneli ya chini mbele mkafyonza na sponji ni salama zaidi. Iache ikauke. Povu lililobaki ndani lichote, nyunyizia chumvi kidogo linanywea, kisha endesha suuza tupu mara mbili tatu bila sabuni yoyote. Usirudie ile sabuni hata tone, sabuni ya mkono imetengenezwa itoe povu na ya mashine imetengenezwa isitoe, na pampu ikivuta povu badala ya maji hairushi kitu. Ila kiboya kikiinuka tena siku ambayo hakuna povu, hapo kuna mahali panavuja kweli, usiendelee kuinamisha kila wiki, tafuta: mpira wa mlango, viungio vya mipira ya ndani, valvu.

*Glasi zangu zinatoka na ukungu mweupe, nimeongeza sabuni lakini naona ndo zinazidi. Kwa nini?*

Acha kuongeza sabuni kwanza. Chukua glasi moja, isugue na siki nyeupe sehemu moja tu. Ukungu ukitoka, ni chokaa ya maji magumu, yaani kalsiamu na magnesiamu zimekaukia pale. Usipotoka, glasi yenyewe imeliwa, na hiyo sitakudanganya, hairudi. Inaliwa zaidi pale maji yakiwa laini, sabuni nyingi na joto kali, kwa hiyo unavyoongeza sabuni unaweza kuwa unaharibu mwenyewe. Hizo glasi nzuri osha kwa mkono au kwa programu ya joto dogo.

Kama ni chokaa, cheki kama mashine yako ina tangi la chumvi pale chini. Hiyo chumvi haioshi vyombo, inafufua kile kifaa cha kulainisha maji. Weka chumvi ya mashine yenye chembe kubwa, siyo ya mezani, ya mezani ni laini mno na ina vitu vya kuongezwa vinavyoziba. Halafu kaza kifuniko vizuri! Kikilegea chumvi inaingia kwenye maji ya kuoshea na vyombo vinatoka na ladha ya chumvi.

*Vya kreti ya chini vinatakata, vya juu vinabaki na uchafu.*

Mkono wa juu hauzunguki au vitundu vimeziba. Utoe, zibua kila kitundu kwa kijiti cha meno, tikisa usikie kama kuna mbegu inagonga ndani. Kabla ya kufunga mlango uzungushe kwa mkono, mpini wa upawa mmoja tu ukining'inia unausimamisha. Ukitaka kuhakikisha, kumbuka ulikoelekea, washa, baada ya dakika chache simamisha, fungua polepole mvuke usikupige usoni, uone kama umehama.

*Vyombo vya plastiki havikauki, ni hita?*

Kama sahani za udongo na glasi zinakauka, hita haina shida. Plastiki haitunzi joto kwa hiyo maji hayana cha kuyakausha. Jaza kile kimiminika cha kusuuzia na fungua mlango kidogo ikimaliza.

*Nisafishe nini, kila baada ya muda gani? Na ile harufu inatoka wapi kama filta ni safi?*

Filta kila wiki kama unaosha kila siku, mikono ya kurusha maji mara moja kwa mwezi, na kila baada ya miezi michache endesha tupu kwa maji ya moto sana na asidi sitriki au dawa yake maalum. Siki naiogopa kuitumia kila mara, inachosha mipira. Na tafadhali usichanganye siki au asidi na jiki, inatoa gesi ya klorini ambayo ni hatari kuvuta. Harufu sasa: fungua mlango wote, chuchumaa, angalia ukingo wa chini wa mlango na ule mpira wake. Maji hayafiki pale, mafuta yanajikusanya meusi na wewe kila siku unafunga mlango juu yake. Pitisha kitambaa chenye maji ya moto na sabuni, ingiza mpaka kwenye mkunjo wa mpira.