Dawa ya Ng'ombe na Kifo cha Tumbusi

Swali: Mhariri, inawezekanaje dawa inayomtibu ng'ombe imuue ndege wa porini?

Jibu: Inawezekana, ndugu msomaji. Diklofenaki, dawa ya maumivu, ng'ombe akidungwa muda mfupi kabla ya kufa, hubaki katika mzoga. Tumbusi akiula, figo zake hushindwa kufanya kazi, na akipasuliwa, ini na moyo huonekana vimetapakaa chembe nyeupe za asidi ya yuriki, taka ambayo figo zilipaswa kuiondoa mwilini. Nchini India, tumbusi wa mgongo mweupe walipungua kwa zaidi ya asilimia 99 kati ya 1992 na 2007, hasara nzito mno kwa ndege anayetaga yai moja tu kwa mwaka. Mwaka 2006 India iliipiga marufuku diklofenaki kwa mifugo, lakini chupa zilizokusudiwa binadamu ziliendelea kutumiwa kinyemela kwa ng'ombe. Linaloniuma ni kwamba meloksikamu, dawa nyingine ya maumivu isiyowadhuru tumbusi, ilikwisha kujulikana.