Jibu: Jahazi kuukuu linavuja chini, je, nipake faiba?

Ndugu yangu, faiba, yaani nyuzi za kioo zinazogandishwa kwa gundi, usiiguse kabisa. Ubao hutanuka ukilowa na kusinyaa ukikauka. Faiba haiufuati, hubanduka, na maji yanayonasa ndani huozesha mbao.

Lipandishe jahazi pwani wakati wa bamvua, maji yanapojaa sana, ung'oe kalafati yote ya zamani, yaani pamba inayoziba nafasi kati ya mbao. Chomachoma mataruma (mbavu za chombo) na mkuku (uti wake wa chini) kwa kisu: kikizama kirahisi, pameoza, badilisha. Misumari iliyoliwa na kutu nayo itoke kabla ya kutia kalafati mpya, maana hapo nako maji hupenya. Kisha tia pamba mpya iliyolowekwa mafuta, ila usiishindilie mno, kwani ubao utavimba ukirudi majini. Chini upake deheni ya chokaa na shahamu (mafuta ya mnyama), urudie mara kwa mara kuzuia minyoo wanaotoboa mbao. Rangi na tanga vitangoja.