Je, buti la mtumba litanifikisha Uhuru?

SWALI: Shikamoo mzee wangu. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Dodoma. Mwezi Desemba tunapanda Kilimanjaro walimu kumi na wawili, njia ya Marangu, siku sita. Nina raba ninazokimbilia asubuhi. Sokoni nimeona buti la mtumba la sh. 90,000, linaonekana jipya kabisa. La dukani ni sh. 380,000 na sina. Januari nitawapeleka wanafunzi wa klabu ya mazingira kwenye mikoko ya Kaole, Bagamoyo. Je, kiatu kimoja kitanitosha kwa yote? Navaa namba 39.
Mwalimu, Dodoma

JIBU: Marahaba, mwalimu. Kimoja hakitoshi, lakini huhitaji hizo 380,000.

Nianze na hilo la mtumba, maana neno lako "jipya kabisa" limenishtua. Mwaka 2011 nilimwongoza mgeni aliyekuja na buti zuri la gharama, lililokaa kabatini karibu miaka kumi. Siku ya pili, tulipoiacha Mandara, kambi ya kwanza ya njia ya Marangu, soli ikaanza kumeguka kama mkate mkavu. Kabla ya Horombo, kambi ya pili, zote mbili zilikuwa zimebanduka. Nilizifunga kwa kamba ya mzigo tukafika, ila kesho yake yule mama alirudi chini huku analia, na mimi sikuwa na la kumwambia. Kati ya soli na ngozi ya juu huwa kuna tabaka laini la kupunguza kishindo. Kwenye buti nyingi tabaka hilo ni la poliurethani, nayo huozeshwa polepole na unyevu wa hewa hata kiatu kikiwa hakivaliwi. Kwa hiyo buti la mtumba lisilo na mkwaruzo hata mmoja ndilo ninaloliogopa zaidi.

Rudi sokoni. Minya tabaka hilo kwa ukucha wa kidole gumba: likiacha shimo, likinata au likitoa unga, liache hapo hapo. Kisha likunje buti lenyewe kwa nguvu mara kumi, uangalie kama kuna nyufa pembeni. Likifaulu, lipeleke kwa fundi viatu alishone soli kuzunguka kiatu kizima, usitegemee gundi peke yake. Halafu livae wiki sita kabla ya safari, kwenda kazini na kupanda vilima vya hapo Dodoma. Malengelenge yakutokee huko, wakati bado unaweza kupumzika.

Kuhusu namba: chukua 40, pengine hata 41. Watu hujaribu buti kwa kutembea dukani kwenye sakafu tambarare, na hapo kila kiatu ni kizuri. Kilimanjaro huumiza vidole wakati wa kushuka. Kutoka kilele cha Uhuru, mita 5,895, hadi lango la Marangu lililo karibu mita 1,870, mtashuka zaidi ya mita 4,000 kwa siku mbili, vidole vikigonga mbele kila hatua. Mimi nilipoanza kazi ya ugumu, yaani kubeba mizigo ya wapandaji, mwaka 1998 nilivaa buti la kaka yangu lililonibana. Niliporudi nyumbani kucha za vidole gumba zilikuwa nyeusi, na zote mbili ziling'oka. Jaribu hivi: vaa soksi nene, usifunge kamba, sukuma mguu mpaka vidole viguse mbele. Kidole chako cha shahada kiingie nyuma ya kisigino bila taabu. Fanya hivyo jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo. Na kucha zikate siku tatu kabla ya safari.

Usiku wa kutoka Kibo, kambi ya mwisho kabla ya kilele, ni baridi chini ya sifuri, juu ya changarawe inayorudi nyuma unapoikanyaga. Wengi huvaa soksi tatu wakidhani watapata joto. Buti likibana, damu haifiki vidoleni, na hapo ndipo mguu hufa ganzi. Soksi moja nyembamba na moja nene ya sufu zinatosha, mradi vidole vinaweza kucheza ndani. Buti likilowa msituni, lijaze magazeti usiku. Usilikaushe kwa moto, gundi itaachia.

Raba zako zije pia, za kuvaa jioni kambini. Kileleni usiende nazo: soli yake ni laini, na changarawe huingia kila upande.

Sasa Kaole. Buti huko ni mzigo. Tope la mikoko hulishika mguu ukabaki na soksi. Mke wangu ni mzaliwa wa Pangani, na kwao wanaookota chaza huvaa raba kuukuu zilizofungwa kamba kwa nguvu. Vipumulio vya mikoko, yaani mizizi inayochomoza topeni, husimama kama misumari, na ganda la chaza hukata kama wembe. Waambie wanafunzi mapema kwamba peku hapana, na ndala hapana, kwa sababu zitabaki topeni hatua ya tatu. Asiye na raba aje na viatu vya plastiki vyenye mkanda wa kushika kisigino. Buti lako liache Dodoma, kivulini, kamba zimelegezwa, na ulivae walau mara moja kwa mwezi ili ulijue hali yake.