Samaki jike aliyeatamia mdomoni akikataa chakula, mwache

Ndugu mleta uzi, umeeleza kwamba samaki wako jike wa njano wa Ziwa Nyasa ana siku ya 8 hajagusa chakula, kidevu kimemvimba, anajificha nyuma ya mawe, na kwamba umeshauriwa umtilie dawa ya minyoo. Nakuomba sana usimtilie. Kwa maelezo hayo huyo haumwi. Ameatamia mayai mdomoni, na kutokula ni sehemu ya ulezi wenyewe.

Nimefuga aina hiyo, Labidochromis caeruleus, kwa miaka tisa katika tangi la lita 240, na nimejifunza kutazama mahali uvimbe ulipo kabla ya kufikiria dawa. Samaki mwenye maradhi ya tumbo hudonoa chakula akakitema, hutoa kinyesi cheupe kinachoning'inia kama uzi, na huvimba tumbo. Mwenye mayai amejaa chini ya taya, tumbo lake limebonyea, mdomo haufungi sawasawa, na ukikaa mbele ya kioo kwa dakika chache utaona taya zikichezacheza kama za mtu anayetafuna. Hapo anayageuzageuza mayai ili yapate maji yenye hewa safi na yasishikwe na ukungu. Kila yai lina kiini kikubwa ambacho kifaranga hukitegemea kwa sehemu kubwa ya muda wake mdomoni, kwa hiyo njaa ni ya mama peke yake, naye huistahimili kwa wiki tatu hadi nne. Wafugaji wa sato wanalijua jambo hili vizuri, kwani mojawapo ya sababu za majike kukua polepole bwawani ni hizo siku za kuatamia wasizokula, na wengi wao hupendelea kununua vifaranga wa kiume watupu.

Mara yangu ya kwanza nilishindwa na huruma. Nilikuwa nikidondosha chakula mara tatu au nne kwa siku, karibu kabisa na jiwe alipojificha, nikiamini kwamba akikiona atakula. Madume walikifuata, wakawa wanamfukuza kila saa, mabaki yakaoza chini ya mawe na maji yakaanza kunuka. Siku ya 12 nilimwona akinyakua punje moja, na asubuhi yake kidevu kilikuwa bapa. Kama aliyameza mayai au aliyatema yakaliwa na wenzake sikuona, lakini sikubakiza hata kifaranga mmoja. Tangu hapo, jike akiatamia nawalisha wengine mara moja tu kwa siku, upande wa pili wa tangi, kiasi wanachokimaliza ndani ya dakika mbili, wala simkimbizi mwenye mayai kwa wavu.

Mchangiaji aliyenitangulia ana hofu tofauti. Jike wake wa duboisi, aina ya Ziwa Tanganyika, anaendelea kudonoa huku kidevu kimejaa, naye anadhani samaki huyo anameza wanawe. Tropheus duboisi hutaga mayai machache sana, makubwa mno kwa mwili wake, na jike hula akiwa ameatamia. Watafiti wa Kijapani Yanagisawa na Sato waliandika mwaka 1990 kuhusu majike wa Tropheus wanaodonoa mwani kwa ajili ya kuwalisha vifaranga walio mdomoni, au kujilisha wenyewe. Wangu nilimtazama kwa tochi usiku mmoja katika wiki ya tatu: ngozi ya kidevu ilikuwa nyembamba kiasi kwamba vidoti vyeusi, yaani macho ya vifaranga, vilionekana vikisogea kwa ndani. Kulipokucha alilidonoa jiwe lenye mwani, akafunga mdomo taratibu, na kidevu kizima kikatikisika. Sijawahi kuona jambo zuri kuliko hilo katika ufugaji huu. Huyo basi usimnyime. Mwachie mawe yenye mwani na umpe spirulina (chakula cha mwani mkavu) iliyosagwa laini, lakini usimpe nyama, kwa sababu utumbo wake mrefu ni wa mla mwani na nyama humletea uvimbe wa tumbo unaoua.

Wa Ziwa Tanganyika wanaotaga pangoni, kama brichardi, hawana shida hii. Mdomo wao uko wazi, hivyo hula kama kawaida huku wakilinda.

Nikurudie wewe, mleta uzi. Jambo moja tu litakalokulazimisha kuingilia kati ni mama akikonda hadi nyama ya mgongo, nyuma ya kichwa, ibonyee. La sivyo hesabu hadi siku ya 20, kisha muhamishe usiku, taa zikiwa zimezimwa, umpeleke katika tangi dogo lililojazwa maji ya tangi hilohilo. Akishawatoa vifaranga, watenge naye, na umwache peke yake wiki nzima akila kidogokidogo mara tatu kwa siku. Ukimrudisha kwa madume siku hiyohiyo, atataga na kuatamia tena kabla mwili haujarudi, na uatamiaji wa pili mfululizo ndio ulioniulia majike wawili.